Kuomba Uraia Ugenini: Hukumu, Kiapo na Nasaba



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa mashariki zote na magharibi zote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyetolewa katika mji wake akapokewa na mji mwingine, pamoja na Aali zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, wengi wetu hapa chuoni tuna jamaa wanaoishi nje ya nchi walikozaliwa. Mmoja ana mjomba Uingereza, mwingine ana shangazi Kanada, mwingine wazazi wake walivuka mpaka mmoja tu na hawakurudi. Miaka ikipita, jamaa hao hufika mahali pa kuamua: waendelee kuishi kwa vibali, au waombe uraia wa nchi iliyowapokea? Na kwa kuwa sisi ndio tunaosoma dini, swali hutufikia sisi: je, Mwislamu anaruhusiwa kuapa utii kwa dola isiyo ya Kiislamu na kuwa raia wake?

Mimi niliulizwa swali hili na baba yangu mzazi. Yeye ni Mkongo wa Pweto, mama yangu ni Mzambia wa Kashikishi, na huko Kashikishi, wilaya ya Nchelenge, ndiko nilikozaliwa. Mimi ni raia wa Zambia kupitia mama. Baba hajawa, na amekuwa akilipima jambo hili kwa miaka. Nimeona jibu nililomtafutia linaweza kuwafaa na wengine, kwa hiyo ninaliweka hapa kama somo.

Kwa ufupi ninasema hivi: uraia ni ahadi. Kuuomba kunajuzu kwa masharti, na wanazuoni wana khitilafu ndani yake. Lakini kuupata kwa uongo, hasa uongo wa kubadilisha nasaba, ni haramu, na hapo hakuna khitilafu. Ajabu ni kwamba watu wengi huuliza sana la kwanza, na la pili hawaliulizi kabisa.

1. Ufukwe wa Ziwa Mweru

Nchelenge iko mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, ukingo wa mashariki wa Ziwa Mweru. Ng'ambo ni Kongo, nao ziwa hilo hilo wanaliita Moero. Mto Luapula unaingia ziwani kutoka kusini, na maji hutoka kaskazini, pale Pweto, kwa mto Luvua. Soko letu ni Kashikishi na riziki yetu ni samaki, hasa chisense, dagaa wadogo wanaoanikwa juani na kupakiwa kwenye magunia. Ng'ambo kuna mji unaoitwa Kilwa, na ndani ya ziwa kuna kisiwa kinachoitwa Kilwa pia (msomaji wa pwani asichanganye na Kilwa Kisiwani). Mji ni wa Kongo, kisiwa ni cha Zambia. Mfano huo unatosha kuonyesha jinsi mpaka ulivyopita katikati ya watu wenye jamaa, lugha na biashara moja.

Ugeni katika nchi hii ni wa zamani. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani walifika kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa bonde la Luapula. Mmoja wao, Muhammad bin Saleh, aliishi kwa Kazembe miaka mingi, na sehemu ya miaka hiyo hakuwa na uhuru wa kuondoka. David Livingstone alipofika hapo mwaka 1867 alimkuta. Kwa hiyo swali la Mwislamu anayeishi chini ya mtawala asiye Mwislamu, na haki zake chini ya mtawala huyo, halikuanza na paspoti.

Vita vya Kongo vilivyoanza mwaka 1998 vilileta watu wengi upande wetu. Pweto ilipoangukia mikononi mwa waasi mwezi wa Desemba 2000, maelfu walivuka kuingia Zambia, raia na askari pamoja. Baba alikuwa miongoni mwa raia hao. Alipelekwa kambi ya Kala, wilaya ya Kawambwa. Kambi ile ilifungwa mwaka 2010 na wengi wakarudi kwao, lakini yeye alikwishaoa na ana watoto, akabaki kwa kibali cha mwenza wa raia. Mwaka 2017 machafuko ya Haut-Katanga na Tanganyika yakaleta wimbi jingine, na mwaka 2018 wakafunguliwa makazi ya Mantapala, ndani ya wilaya yetu ya Nchelenge. Watoto waliozaliwa Mantapala tangu hapo wanazungumza Kibemba kama watoto wa Kashikishi. Wakikua, nao watauliza swali hili hili.

2. Sheria za nchi zinasemaje

Mufti hatoi jibu kabla ya kuelewa jambo lilivyo. Wanazuoni wetu husema kuhukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Basi tuanze na sheria zenyewe.

Katiba ya Zambia iliyorekebishwa mwaka 2016 inasema kwamba aliyezaliwa Zambia ni raia kwa kuzaliwa ikiwa mmoja wa wazazi wake alikuwa raia siku ile. Kuzaliwa kwenye ardhi ya Zambia peke yake hakutoshi. Ndiyo maana mimi ni raia, na mtoto wa Mantapala ambaye wazazi wake wote ni Wakongo si raia kwa kuzaliwa. Lakini ibara ya 37 inafungua milango ya kuandikishwa kwa mwenye miaka 18 au zaidi. Anaweza kuomba aliyezaliwa Zambia na kuishi humo kwa kawaida angalau miaka 5. Anaweza kuomba aliyekaa kwa kawaida miaka 10 mfululizo kabla ya ombi lake. Na anaweza kuomba aliye katika ndoa na raia, au aliyewahi kuwa, kwa muda usiopungua miaka 5. Maombi hupelekwa Bodi ya Uraia ya Zambia. Mkimbizi ajue kwamba hadhi ya ukimbizi na kibali cha ukaazi ni vitu viwili, kwa hiyo swali lake la kwanza kwa Bodi liwe ni miaka yake ipi inahesabiwa.

Katiba hiyo hiyo inamruhusu raia wa Zambia kuwa na uraia wa nchi nyingine. Mtu anaweza kudhani basi kwamba baba atakuwa na nchi mbili. Sivyo. Ibara ya 10 ya Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganyiki na mwingine wowote, na Sheria ya Uraia ya mwaka 2004 inamwondolea uraia Mkongo mtu mzima anayejipatia uraia wa kigeni. Zambia inafungua mkono, Kongo inafunga. Sheria ya Kongo ina njia ya kuurudisha uraia uliopotea, kwa masharti yake, lakini siku ile ya kuapa mtu hutoka.

Majirani nao wanatofautiana. Kenya tangu Katiba ya 2010, na Uganda tangu 2009, zinaruhusu uraia pacha. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 wakaishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu walitakiwa kuukana uraia wa Burundi ndipo wapewe wa Tanzania, na mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 miongoni mwao walikubaliwa kuwa raia. Na wapo ambao hawakuwa na pa kukana: Wamakonde wa Kenya waliishi Kwale kwa miongo bila uraia wowote mpaka serikali ilipowatambua mwaka 2016, na Wapemba wa Kenya wakatambuliwa mwaka 2023. Tunapozungumzia uraia, tukumbuke kwamba kuukosa kabisa ni madhara makubwa, na sharia yetu inaamrisha madhara yaondolewe.

3. Khitilafu ya wanazuoni

Rai ya kwanza inakataza. Wenye rai hii wanatumia aya ya Sura An-Nisaa (4:97) inayowalaumu waliobaki katika nchi ya dhulma na hali wanaweza kuhama, na hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi ambayo ndani yake Mtume (S.A.W.) anajitenga na Mwislamu anayekaa kati ya washirikina. Wanasema: ikiwa kukaa tu kumelaumiwa, sembuse kujiandikisha kuwa mmoja wao?

Rai hii ilipata nguvu sana Tunisia wakati wa ukoloni. Mwaka 1923 Ufaransa ilitunga sheria ya kuwarahisishia Watunisia kuchukua uraia wa Kifaransa. Aliyeuchukua alitoka katika mahakama za sharia, na ndoa yake, talaka yake na mirathi yake vikaingia chini ya sheria za Ufaransa. Uraia ule ulikuwa pia silaha ya mkoloni ya kuwapunguza Waislamu wa nchi yao wenyewe. Rashid Ridha akaandika dhidi yake katika jarida la al-Manar. Mwaka 1932 na 1933 watu wa miji ya Tunisia walizuia maiti za waliochukua uraia huo kuzikwa katika makaburi ya Waislamu, mpaka serikali ikawatengea makaburi yao.

Rai ya pili inaruhusu kwa masharti, na ndiyo waliyoifuata wanazuoni wengi wa zama hizi walioandika juu ya fiqhi ya Waislamu walio wachache, akiwemo Sheikh Yusuf al-Qaradawi. Wao wanajibu dalili za kwanza hivi. Aya ya An-Nisaa inahusu aliyezuiwa kuidhihirisha dini yake na akaweza kuondoka asiondoke. Hadithi ile ina maneno katika isnadi yake, kwani Tirmidhi mwenyewe amenukuu kutoka kwa Bukhari kwamba lililo sahihi ni kuwa ni mursal, na sababu ya kupokewa kwake ni watu waliouawa vitani wakiwa wamechanganyika na adui. Kisha ipo kauli ya al-Mawardi, imamu mkubwa wa madhehebu ya Shafi, ambayo Ibn Hajar ameinukuu katika Fat-h al-Bari. Anasema kwamba Mwislamu akiweza kuidhihirisha dini yake katika nchi ya wasio Waislamu, kubaki kwake huko ni bora kuliko kuondoka, kwa sababu inatarajiwa wengine wataingia katika Uislamu.

Na upo mfano wa Uhabeshi. Maswahaba walihamia kwa Najashi mwaka 615, wakati nchi ile ilikuwa ya Kikristo. Mtume (S.A.W.) alihamia Madina mwaka 622, lakini Jaafar bin Abi Talib (R.A.) na wenzake hawakuja mpaka mwaka wa Khaybar, 628. Kwa miaka sita dola ya Kiislamu ipo na wao wako Uhabeshi, wala hatuoni kwamba walilaumiwa. Bi Ummu Salama (R.A.) anasimulia kwamba alipotokea adui wa Najashi, Waislamu walihuzunika kuliko walivyowahi kuhuzunika, wakamwomba Mwenyezi Mungu ampe Najashi ushindi, na Zubair bin Awwam, aliyekuwa kijana kuliko wote, akavuka mto Nile kwa kiriba kilichopulizwa ili awaletee habari za vita. Hawa walikuwa wageni wanaojua nani amewapa amani.

Ninaloliona, nami ni mwanafunzi tu, ni kwamba rai mbili hizi hazigombani kama zinavyoonekana. Tutazame illa, yaani sababu iliyobeba hukumu. Tunisia illa ilikuwa kuacha hukumu za sharia kwa hiari na kumsaidia mkoloni. Zambia hakuna mahakama ya kadhi kwa raia wala kwa mgeni, na baba akiwa Mkongo au Mzambia, ndoa yake na swala yake ni zile zile. Hakuna hukumu ya sharia anayoitupa kwa kuapa. Illa ikiondoka, hukumu iliyojengwa juu yake huondoka nayo. Na kinyume chake ni kweli pia: nchi itakayomtaka Mwislamu aache swala au amvue binti yake hijabu ili apewe uraia, hapo katazo linarudi na nguvu zake zote.

4. Kiapo

Hapa ndipo baba alipoweka swali lake gumu. Utangulizi wa Katiba ya Zambia unaitangaza jamhuri kuwa taifa la Kikristo. Rais Frederick Chiluba alilitangaza jambo hilo Desemba 1991, likaingizwa katika Katiba mwaka 1996, na marekebisho ya 2016 yamelibakisha. "Mwanangu," aliniuliza, "nitaapaje kuilinda Katiba yenye maneno hayo?"

Nilimjibu hivi. Sentensi ile ile inayotangaza taifa la Kikristo inahifadhi haki ya kila mtu kuwa na dhamiri, imani na dini yake. Anayeapa haapi kwamba ameukubali Ukristo. Anaapa utii kwa jamhuri na kushika sheria zake. Mtume (S.A.W.) alipofanya suluhu ya Hudaybiya aliafiki hati ambayo maneno ya "Mtume wa Mwenyezi Mungu" yamefutwa kwa matakwa ya Makuraishi. Ujumbe wake haukupungua, na mkataba aliutimiza. Kuingia mkataba na mtu hakumaanishi kuikubali kila imani yake. Ama namna ya kuapa, Mwislamu haapi kwa kitabu cha dini nyingine, bali aombe kuapa kwa jina la Mwenyezi Mungu au kutoa tamko, kwa sababu hadithi ya Bukhari na Muslim inatuamrisha anayeapa aape kwa Allah au anyamaze.

Kisha kiapo kikishatoka mdomoni kinakuwa deni. Al-Maida (5:1) inaamrisha kutimiza mikataba, na Al-Israa (17:34) inatukumbusha kwamba ahadi itaulizwa. Katika Al-Anfal (8:72) Waislamu wanaamrishwa kuwasaidia ndugu zao katika dini wakiomba msaada, ila dhidi ya watu ambao kuna mkataba nao. Aya hii ni nzito, maana inaonyesha kwamba mkataba na wasio Waislamu unaheshimiwa hata pale moyo unapovutwa upande mwingine. Na katika Sahih Muslim, Hudhaifa bin al-Yaman (R.A.) anaeleza kwamba yeye na baba yake hawakupigana Badr kwa sababu Makuraishi waliwakamata njiani wakawaahidisha wasipigane. Mtume (S.A.W.) akawaambia waitimize ahadi ile, na jeshi lake lilikuwa dogo mno siku hiyo.

Kwa hiyo aliyeapa asiseme moyoni kwamba anachukua makaratasi tu. Ibara ya 43 ya Katiba ya Zambia inamtaka raia aipende nchi na kuiendeleza, alipe kodi, atunze mazingira, na atoe huduma ya taifa na ya kijeshi akiitwa. Mvuvi au mchuuzi wa Kashikishi anayekula kiapo Ijumaa na kukwepa ushuru Jumamosi amevunja mkataba aliomshuhudisha Mwenyezi Mungu. Mpaka wa utii huo unajulikana kwetu sote: hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Akiamrishwa kudhulumu, ataikataa dhulma hiyo, na hilo lingemwajibikia hata angekuwa raia wa nchi ya Kiislamu.

5. Mirathi na ardhi

Wazee wengi wa ufukweni wanaogopa kwamba akichukua uraia wa nchi nyingine atakatiwa mirathi ya wazazi wake. Kisharia hofu hii haina msingi. Vizuizi vya mirathi ni kama kuua na kutofautiana dini. Wanafiqhi wametaja pia kutofautiana kwa nchi, lakini hilo wamelizungumza kwa wasio Waislamu baina yao. Mwislamu humrithi Mwislamu hata kama mmoja ana paspoti ya Kongo na mwingine ya Zambia.

Kisheria, hata hivyo, kuna gharama. Nchini Kongo ardhi ni ya dola, na sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inawapa Wakongo peke yao haki ya kudumu ya kuitumia. Mgeni hupewa haki ya muda. Kiwanja cha babu yangu huko Pweto kikija kugawiwa, baba atakuwa amesimama mbele ya ofisi kama mgeni. Hili si la kupuuzwa na wala fatwa haiwezi kulifuta. Ni hesabu ya maslaha na madhara ambayo mwenyewe ndiye anayepaswa kuifanya.

Upande wa Zambia kuna jambo linalomhusu kila Mwislamu aliyefanya nchi hii maskani, raia au si raia. Sheria ya mwaka 1989 ya mirathi ya asiyeacha wasia inagawa asilimia 50 kwa watoto, 20 kwa mke au mume, 20 kwa wazazi na 10 kwa wategemezi. Mafungu haya si ya Sura An-Nisaa. Dawa yake ni kuandika wasia ulio halali kwa sheria za nchi unaoelekeza mali igawiwe kisharia. Ndugu yangu, wazazi wako wakiwa huko, hili liwe la kwanza kuwaambia ukienda likizo.

6. Mlango wa uongo

Sasa tufike kwenye lile ambalo watu hawaliulizi. Zambia kila raia akifika miaka 16 huchukua kitambulisho cha taifa, ambacho wote tunakiita NRC. Mpakani, ambako nyuso na lugha zimefanana, wapo wanaokipata kwa kudai kwamba wamezaliwa kijiji fulani upande huu, au kwa kuandikwa kuwa mtoto wa mtu ambaye si baba yao. Hufanyika kwa huruma mara nyingi, wala si kwa rushwa kila mara.

Baba alitolewa pendekezo kama hilo. Rafiki yake mmoja mvuvi, Mkristo, mtu mwema aliyemfundisha biashara ya chisense alipokuwa hana kitu, alisema: "Twende nikuandikishe kuwa mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja, mambo yaishe." Ilikuwa njia ya siku moja badala ya miaka. Baba alimshukuru, akamwambia: "Baba yangu ana jina lake, na kaburi lake liko Pweto." Wakati ule hakujua dalili yoyote. Alikuwa anamstahi mzazi wake tu.

Dalili zipo, na ni kali. Sura Al-Ahzab (33:5) inaamrisha watu waitwe kwa baba zao, na aya hiyo ilibadilisha hata jina la Zaid, aliyekuwa akiitwa mwana wa Muhammad, akarudi kuitwa Zaid bin Haritha. Katika hadithi ya Bukhari na Muslim, anayejinasibisha na asiye baba yake hali anajua, Pepo imeharamishwa kwake. Na Mtume (S.A.W.) alipoyataja madhambi makubwa kabisa alikuwa ameegemea, akakaa sawa alipofika kwenye ushahidi wa uongo, akaurudia mpaka Maswahaba wakatamani anyamaze.

Tazama matokeo yake pia. Aliyeandikwa kwa baba wa uongo huwaachia wanawe babu wa uongo. Akifa, mirathi yake kisheria inaelekea kwa ndugu wasio ndugu, na ndugu zake wa damu wanakuwa wageni kwenye jeneza lake. Binti yake anaweza kuja kuposwa na mtu wa damu yake mwenyewe, na makaratasi yakasema ni watu baki. Nasaba ni moja ya mambo matano ambayo sharia imekuja kuyalinda, na hapa imeuzwa kwa kadi. Zaidi ya hayo, uraia uliojengwa juu ya uongo hautulizi moyo, maana sheria inaruhusu uraia uliopatikana kwa udanganyifu kufutwa, hata baada ya miaka mingi.

Atakayesema "ni dharura" apimwe kwa masharti ya dharura. Dharura ni pale ambapo hakuna mlango wa halali. Mwenye haki ya kuomba kwa ndoa, kwa kuzaliwa au kwa miaka 10 ana mlango, hata kama ni mrefu na una foleni. Na mkimbizi ana hifadhi yake chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2017. Ugumu wa halali hauifanyi haramu kuwa halali.

7. Namna ya kuamua

Baada ya kujua hukumu, mtu hubaki na uamuzi wake. Mambo manne yamsaidie. Kwanza, nia: anaomba ili afanye nini? Pili, hesabu: aandike anachopata na anachopoteza, na aulize sheria za nchi zote mbili kabla ya kiapo. Tatu, mashauriano na mke na watoto, kwa sababu uamuzi huu unawagusa. Nne, swala ya istikhara.

Na anayeona uchungu kuiacha nchi yake ya asili asidhani imani yake ni dhaifu. Mtume (S.A.W.) alipotoka Makka aliambia mji ule kwamba ndio anaoupenda kuliko yote, na lau watu wake wasingemtoa asingetoka. Lakini ilipofunguliwa Makka, na akawa huru kurudi nyumbani, Ansari waliingiwa na hofu kwamba atawaacha. Akawahakikishia, kama ilivyo katika Sahih Muslim, kwamba uhai wake uko pamoja nao na kifo chake pia. Akarudi Madina na huko ndiko alikozikwa. Aliupenda mji wake na akatimiza ahadi kwa waliompokea. Mambo haya mawili yanakaa katika moyo mmoja.

Baba bado hajapeleka fomu. Anapima kiwanja cha Pweto upande mmoja na uzee wake Kashikishi upande mwingine. Vyovyote atakavyochagua hatakuwa na dhambi, inshaallah, maadamu jina atakaloandika kwenye nafasi ya baba ni la babu yangu.

Maswali ya kujadiliana katika darsa

1. Ni ipi illa ya katazo la uraia Tunisia wakati wa ukoloni, na je, ipo katika nchi wanakoishi jamaa zako?

2. Mwislamu aliyekula kiapo cha uraia anaona sheria fulani ya nchi inadhulumu. Aya na hadithi tulizotaja zinamwelekeza nini?

3. Rafiki yako amegundua kwamba wazazi wake walimwandikisha kwa baba asiye wake ili apate kitambulisho. Afanye nini sasa kisharia, na afanye nini kisheria?

4. Kuna tofauti gani kati ya dharura na uzito wa kawaida? Toa mifano miwili ya kila moja kutoka maisha ya wageni na wakimbizi.

Mwenyezi Mungu awafanyie wepesi wote waishio ugenini, awape makazi yenye amani, na atufanye sote miongoni mwa wanaotimiza ahadi zao. Wallahu a'lam.

Wabillahi tawfiiq.